Uliza Tukujibu: Kuandika vita ulivyopigana

*Wahariri, nilikuwa askari wa miguu katika Vita vya Kagera, kuanzia Mutukula hadi Kampala. Nimejaza madaftari matatu nikitaka kitabu. Nimeanza na Amin, nikaja kwa Mwalimu na chanzo cha vita, lakini mwanangu akisoma anasinzia. Nakosea wapi?*
— Mstaafu, Tabata

Shikamoo, Mzee. Mwanao anasinzia kwa sababu hayo anayajua. Kwamba majeshi ya Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, kwamba daraja la Kyaka lilivunjwa mwanzoni mwa Novemba, kwamba Mwalimu alisema uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunazo: watoto wamekua wakiyasikia kila mwaka redioni. Miswada mingi ya wapiganaji inayotufikia inamaliza sura mbili nzima kwa hayo kabla mwandishi mwenyewe hajavaa buti.

Askari wa platuni aliona vitu ambavyo brigedia hakuviona. Andika hivyo. Usichukue vita vizima, chukua siku moja. Tuseme ulikuwa Lukaya, mji mdogo wa Uganda kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, Jumamosi ya Machi 10, 1979. Upande wa makamanda umekwishaandikwa: Brigedi yetu ya 201 ilipigwa makombora na Walibya waliokuja kumsaidia Amin ikatawanyika, kesho yake Brigedi ya 208 ikazunguka na kutokea kwenye barabara ya Kampala. Sasa wewe. Miguuni ulikuwa na nini? Maji ya kunywa yalitoka wapi wakati mmezungukwa na maji ya bwawa? Amri ya kurudi nyuma uliisikia kwa mdomo wa nani, au uliona tu wenzako wanakimbia ukakimbia? Kombora likianguka kwenye tope linatoa sauti gani? Ukijibu kumi ya namna hiyo, una sura.

Daftari la nne lipange hivi: kurasa mbili zinazotazamana kwa kila siku. Kushoto andika "niliona", kulia andika "niliambiwa". Utashangaa jinsi upande wa kulia unavyojaa. "Adui walikuwa elfu mbili" inakwenda kulia, kwa sababu hakuna aliyewahesabu akiwa amelala kifudifudi. Ya kushoto unayaandika kwa sauti yako. Ya kulia huyaingizi kitabuni mpaka upate shahidi wa pili ambaye hakuyasikia kwa yule yule aliyekuambia wewe.

Kisha tafuta ramani ya kipimo cha 1:50,000. Hapo sentimita 2 ni kilomita 1. Lalisha uzi juu ya njia mliyopita, ufuate kona zote, halafu uunyooshe kwenye rula. Askari mwenye mzigo barabarani huenda kama kilomita 4 kwa saa, na bwawani hafikii hata nusu ya hapo. Daftari likisema mlikata kilomita 30 za matope kwa usiku mmoja, ama usiku ulikuwa miwili ama kijiji si hicho. Mara nyingi ni kijiji.

Kwa tarehe, nenda Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, uulize sehemu ya Afrika Mashariki, na Nyaraka za Taifa, Upanga. Soma magazeti ya miezi ile siku kwa siku. Ila kumbuka gazeti la wakati wa vita huchapa habari ikishachelewa, na huchapa ile iliyoruhusiwa.

*Namrekodi baba kwa simu. Yeye anasema walipoingia Kampala palikuwa giza totoro, rafiki yake waliyekuwa naye anasema mbalamwezi ilikuwa nyeupe pe. Kila mmoja anaapa. Nimwamini nani?*
— Binti wa Kinondoni

Wote wawili kwanza, halafu uliza mwezi wenyewe. Mwezi hausahau, na hesabu yake ya nyuma inapatikana bure kwenye programu za kalenda. Kampala ilianguka Jumatano, Aprili 11, 1979, siku mbili kabla ya Ijumaa Kuu. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 12. Kwa hiyo rafiki wa baba ana haki: usiku ule mwezi ulikuwa karibu kutimia. Lakini Aprili ni masika, na wingu zito hufunika mwezi mpevu ukawa kama haupo. Muulize baba kama mvua ilinyesha. Akisema ndiyo, hakuna aliyekosea, na umepata sentensi nzuri kuliko ubishi wao.

Jaribu njia hiyo kwa tarehe nyingine. Masaka ilichukuliwa Februari 24, siku mbili kabla ya mwezi mwandamo, na usiku wa namna hiyo hauna mwanga wa mwezi wa maana. Mtu akisimulia mbalamwezi ya Masaka, huenda anasimulia Lukaya: pale mwezi ulibakiza siku tatu kutimia, uliwaka sehemu kubwa ya usiku na kuzama kabla ya alfajiri. Kumbukumbu hazifutiki sana, huhama. Sikukuu nazo ni misumari mizuri. Wazee wengi hawakumbuki "Novemba 3" lakini watakuambia daraja la Kyaka lilivunjwa kama wiki moja kabla ya Idd el Haj, na ndivyo ilivyokuwa.

Kuhusu kurekodi: mhoji kila mzee peke yake kabla hujawakutanisha. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa humeza hadithi ya mwenzake, na huwezi tena kuzitenganisha. Rekodi asubuhi mapema ili uweze kuzima feni bila kumchemsha mzee. Feni ndiyo inayoharibu rekodi nyingi za Dar, kuliko hata bodaboda, kwa sababu wewe umeizoea na simu haijaizoea. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, si mezani patupu, iwe kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na jina la anayezungumza. Dakika 45 zinatosha. Akinyamaza ghafla, usimsukume na usiseme "endelea baba". Muulize walikula nini siku hiyo, na kama hataki hata hilo, funga. Usifanye usiku, maana wewe utalala na yeye hatalala. Faili liite kwa tarehe ikitangulia, na nakala ya pili iwe nje ya simu jioni ile ile.

Jambo dogo la lugha. Akitaja "saba saba", usiandike kwamba alipigana siku ya Sabasaba. Ndivyo Waganda walivyoiita mizinga ya roketi ya BM-21 ya jeshi letu.

*Naweza kutaja jina la aliyekimbia? Na siri za jeshi je?*
— Mstaafu mwingine, Mbagala

La kwanza: huna haja. "Mmoja wetu alikimbia" inasema yote, na yeye au wanawe hawatakupeleka mahakamani kwa kuwachafulia jina. Aliyekufa mtaje kwa jina kamili, baada ya kuiuliza familia yake, maana wengine hawajawahi kuambiwa alivyokufa na si vyema wasome kwenye kitabu.

La pili: Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 bado ipo. Karatasi yenye mhuri wa siri uliyobaki nayo sandukuni usiinukuu wala usiipige picha, hata kama ni ya miaka hiyo. Sura zenye mipango, vikosi na silaha zipeleke kwanza Makao Makuu ya Jeshi kwa barua, uweke nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Itachukua muda. Andika sura za chakula, mvua na barua za nyumbani wakati unasubiri.

*Mswada uko tayari, kurasa 163. Mchapaji anauliza mambo nisiyoyaelewa.*
— M., Temeke

Mashine kubwa huchapa kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo 163 inapanda hadi 176 na kurasa 13 zinabaki tupu ukizilipia. Punguza kurasa 3 ubaki na 160. Namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Iombe kabla ya jalada kuchorwa, kwa sababu inakaa nyuma ya jalada. Picha za zamani ziskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi, na usizitume kwa WhatsApp kama picha, maana inazikamua. Zitume kama faili. Na umwombe ukurasa mmoja wa ramani aliouchapa kwa karatasi halisi kabla hujalipa. Mito na mishale iliyopendeza kwenye kompyuta ndiyo inayofifia kwanza.

*Babu alikwenda Bama (Burma) na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Kaacha nyota moja ya shaba isiyo na jina. Alikuwa akisema "mimi nilikuwa wa kifaru". Alikuwa dereva wa vifaru?*
— Mjukuu, Ilala

Pengine hapana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, ilivaa begani nembo ya kichwa cha kifaru, yule mnyama. Nyota kukosa jina si ajabu, Waingereza hawakuandika majina kwenye nyota zao za Vita Kuu ya Pili. Tazama utepe: ukiwa na bluu iliyokolea pande zote mbili, nyekundu katikati na mstari wa rangi ya chungwa ndani ya kila bluu, ni nyota ya Bama. Ukiwa wa rangi ya mchanga wenye nyekundu katikati, ni nyota ya Afrika, na babu alipita kwingine kabla ya Bama. Tafuta pia kijitabu chake cha mshahara. Namba iliyomo ndiyo itakayomtofautisha na akina Juma na Athumani wengine wote wa KAR.