Kabla Hujaanza Upya, Jua Unadaiwa na Nani

Biashara yangu ilipoanguka, karibu kila aliyenipenda aliniambia nianze tena haraka. Walisema kwa nia njema, lakini ushauri huo siwezi kumpa mtu mwingine. Ukikimbilia kuanza wakati akili haijatulia, utaanza kwa kukopa, na mkopo mpya utakaa juu ya madeni ambayo hata hujayahesabu.

Kilichoniangusha ni mteja mmoja mkubwa aliyechukua mzigo na asilipe. Nilichokifanya kwanza ni kuchukua daftari. Ukurasa mmoja niliandika ninaowadai, wa pili wanaonidai: jina, kiasi, tarehe. Niliandika vyote, hata vile vidogo ambavyo mtu huona haya kuvitaja. Usiku ule nililala, maana nilichokuwa nakiogopa sasa kilikuwa na jumla.

Kisha nikawapigia wanaonidai mmoja mmoja, kabla wao hawajanipigia. Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo wengi hukwepa. Usiahidi kumaliza deni lote. Taja kiasi unachojua utakiweza kila mwezi, hata kiwe kidogo namna gani, na utaje tarehe. Mmoja alinifokea akakata simu. Kesho yake akapiga mwenyewe: "Ulisema tarehe ngapi?" Anayekudai akikupata kwenye simu huweza kukuvumilia, akikutafuta asikupate, anakuhesabu tapeli. Na usitaje kiasi kikubwa ili kumfurahisha, kwa sababu ukishindwa kutimiza, hatakusikiliza mara ya pili.

Maamuzi mengine makubwa, yale yanayoweza kusubiri, yasubiri. Mwaka 1967 madaktari wa akili Thomas Holmes na Richard Rahe walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha yanayomletea mtu msongo wa mawazo, kila moja na alama za uzito wake: kufiwa na mwenzi wa ndoa 100, talaka 73, kuachishwa kazi 47. Kuhama makazi nako kumo, na kubadili aina ya kazi pia. Alama hizo hujumlishwa. Kwa hiyo aliyetoka kuachwa au kufukuzwa kazi, halafu mwezi huohuo akahama na kuingia kazi asiyoijua, amejiongezea mzigo kwa hiari yake. Wakati mwingine hakuna namna, kodi imeshinda na lazima uhame. Basi hama, mengine yaache kwanza.

Niliporudi sokoni nilitafuta wateja wadogo wengi, wanaolipa mzigo unapotoka. Faida ni ndogo na inachosha, lakini hakuna mmoja kati yao anayeweza kunifungia mlango peke yake.

Kama una mke au mume, usimwambie tu kwamba "hali ni ngumu". Keti naye, mwonyeshe daftari lote, pamoja na ukurasa wa wanaokudai, na mpange pamoja nani alipwe kwanza.