Chuma Hakijui Kama Umekesha Ziwani

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zinaomba kitu kimoja: "Kocha, nipe ratiba ya kunyanyua vyuma." Kabla sijawajibu niwape kisa. Zamani nilipokuwa napakia magunia bandarini hapa Kigoma, nilikata kwenye gazeti ratiba ya bingwa mmoja wa kutunisha misuli. Siku 6 kwa wiki, kifua Jumatatu, mgongo Jumanne, miguu Jumatano, hivyo hivyo mpaka Jumamosi. Nikaibandika ukutani. Bingwa yule alikuwa analala mchana na kupikiwa, mimi nilikuwa nashusha magunia melini kuanzia saa moja asubuhi. Wiki ya tatu bega la kushoto likagoma, na kwa miezi miwili kuvaa shati ilikuwa kazi ya kuomba msaada. Tangu hapo mtu akiniomba ratiba, kwanza namuuliza anaamka saa ngapi.

Shikamoo kocha. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Tunaingia ziwani jioni, tunarudi asubuhi. Jimu nimeanza mara tatu, mara tatu nimeacha. Nipige tizi saa ngapi?

Marahaba mwanangu. Shida yako siyo saa, ni kalenda. Wenye jimu wanahesabu Jumatatu mpaka Jumapili, wewe maisha yako yanahesabiwa kwa giza na mbalamwezi. Giza likiwa nene, taa zinavuta dagaa na kila usiku ni kazi. Mwezi ukijaa, taa haina ujanja, mitumbwi inapumzika pwani mkishona nyavu. Sasa kwa nini chuma chako kisifuate mwezi nacho?

Siku za giza, ukitoka majini usiguse chuma. Kula, lala. Ukiamka saa nane mchana weka kitu tumboni, saa tisa piga dakika 25 tu, mara 2 kwa wiki: seti 3 za kuchuchumaa ukiwa na mzigo (seti ni mzunguko mmoja wa marudio, kisha unapumzika), seti 3 za pushapu, umemaliza. Nimekuchagulia hizo kwa makusudi. Usiku kucha unavuta wavu uliolowa, kwa hiyo mgongo, mikono na viganja vimeshapigishwa tizi na ziwa lenyewe. Kilichobaki nyuma ni miguu na kifua. Ukirudi nchi kavu ukaanza tena kuvuta chuma kwa mgongo ule ule, unaudai deni ambalo umeshalilipa.

Mwezi ukijaa ndiyo zamu yako ya kujenga. Kila baada ya siku moja, rudi kwenye chuma: kuchuchumaa, kunyanyua kutoka chini, kusukuma kifuani, kusukuma juu ya kichwa. Ukiweza marudio 8 safi kwenye seti zote, safari ijayo ongeza kilo 2.5. Giza likirudi usiongeze, shika uzito ule ule na punguza seti. Nguvu haiondoki kwa wiki mbili za kufanya kidogo, mradi mzigo wenyewe usiushushe sana. Hizo mara tatu ulizoacha, nadhani kila mara ulianza mwezi ukiwa umejaa, giza likakukuta na ratiba ya watu wa ofisini.

Kaka, mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimepanga mtaa wa Mwanga hapa Kigoma. Nina kilo 65, nimekonda. Wenzangu wananiambia bila poda ya proteini nisijisumbue. Bei yake naiona siiwezi.

Mdogo wangu, umepanga kwenye mji wa dagaa halafu unaumizwa kichwa na poda!

Tupige hesabu. Anayenyanyua vyuma anatosheka na gramu 1.6 hivi za proteini kwa kila kilo ya mwili wake. Kwako ni kama gramu 104 kwa siku. Dagaa wakavu gramu 50, ambao ni mkono mmoja uliojaa vizuri, wanakupa karibu 30. Maharage gramu 100 yakiwa bado makavu, 21. Mayai 2, 12. Karanga gramu 50, 12 nyingine. Hapo una 75 na hujahesabu ugali.

Kwenye ugali ndipo wengi wetu tunapoteleza. Unga wa mahindi gramu 300 kwa siku unaleta kama 24, hapo umebakiza kidogo sana kufika. Wa muhogo, kiasi kile kile, unaleta 5 au 6 tu. Muhogo sikukatazi, mimi mwenyewe bila ugali wa muhogo na mgebuka sijala. Ila ni wanga, nguvu ya kufanyia kazi, hauna vya kujengea mwili. Changanya unga nusu kwa nusu, au siku ya ugali wa muhogo ongeza mboga maradufu. Mboga kidogo na mlima wa ugali ndiyo inayokukondesha wewe na kumpa mwenzako kitambi.

Na dagaa uwapike kama mtu anayewataka. Wachambue kwenye sinia, toa mawe na yale manyasi, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili mpaka mchanga uishe chini ya bakuli, wakaushe kidogo. Mawese yakipata moto tia vitunguu, kisha dagaa, wageuze mpaka uwasikie wanalia kama changarawe, ndipo nyanya na pilipili. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori kama 120. Kwa mwembamba kama wewe hiyo ni neema, tia viwili. Anayetaka kupungua apime kwa kijiko, asimimine kutoka kwenye chupa.

Hiyo poda siyo sumu, kwa kawaida ni proteini ya maziwa iliyochujwa na kukaushwa. Ukija kupata pesa ya kuchezea, nunua. Anayekuletea sindano za kujaza misuli, huyo mkimbie.

Shikamoo. Nauza chakula sokoni, naamka saa kumi alfajiri. Mgongo unaniuma. Binti yangu ananiambia ninyanyue vyuma. Sitakuwa na mwili wa kiume?

Marahaba mama. Mwili wa kiume hautaupata, homoni inayojaza misuli ya wanaume ninyi mnayo kidogo sana. Na vyuma unanyanyua tayari: sufuria la wali, ndoo za maji, mfuko wa mkaa. Tofauti ni kwamba unavinyanyua vibaya. Jaribu hivi kesho. Kabla hujainua sufuria, lisogelee mpaka liwe karibu na miguu, sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango kwa kiuno huku mikono imejaa, mgongo unyooke, kisha simama kwa nguvu ya mapaja. Ukifunga biashara jioni, rudia mwendo huo na ndoo ya lita 10 yenye maji, mara 10, pumzika, mara 10 tena. Siku 2 kwa wiki zinatosha kuanzia. Maumivu yakishuka mpaka mguuni au mguu ukifa ganzi, acha, nenda hospitali.

Jambo la pili, jitengee sahani. Akina mama wa chakula nawajua: mnalisha soko zima, halafu saa tisa mnakwangua ukoko na mchuzi uliobaki. Kabla hujamhudumia mteja wa kwanza wa mchana, pakua yako na kipande cha samaki, ifunike.

Kocha, niko Tabora mjini, jimu ziko mbali. Naweza kutengeneza vyuma vyangu?

Unaweza, nusu ya vyuma vyangu ni saruji. Zege lina kama kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 likijaa linakaribia kilo 10, na ndoo ya lita 10 inakaribia 24. Simamisha bomba la chuma katikati, mimina, subiri wiki nzima kabla ya kugusa. Kisha vipeleke kwa muuza nafaka avipime kwenye mizani yake. Makopo mawili yaliyojazwa na mtu mmoja siku moja yanaweza kutofautiana kilo nzima, na bega lako litagundua kabla yako.

Mimi ni mstaafu wa reli, miaka 66, nina presha. Naruhusiwa?

Shikamoo mzee wangu. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki hata kwa waliovuka miaka 65, kwa hiyo umri haukuzuii. Presha ndiyo ya kuangalia. Pitia kwanza kliniki unakochukulia dawa, uwaambie unachotaka kuanza. Wakikubali: kaa kwenye kiti, simama bila kushika popote, mara 8. Sukuma ukuta mara 10. Tembea uani na ndoo ndogo ya maji kila mkono. La kuzingatia kuliko yote, usibane pumzi. Toa pumzi unapoinuka, kwa sababu kubana pumzi kunapandisha presha pale pale.

Ramadhani niache? (Ujiji)

Usiache, punguza. Futuru kwa tende na uji, swali tarawehe, kisha piga nusu ya seti zako kwa uzito ule ule. Ukimaliza ndipo ule chakula chenyewe. Na daku isiwe chai na mandazi, iwe na maharage au mayai.

Siksi paki kwa mwezi mmoja inawezekana?

Hapana.

Nanyanyua chumbani saa kumi na moja alfajiri, jirani analalamika kelele. Nifanyeje?

Jirani ana haki. Kata tairi chakavu la gari vipande viwili, vilaze pale unapotua chuma, na ukitue polepole. Kukidondosha ni kelele na ni kujipunja pia, maana misuli inafanya kazi hata wakati wa kushusha. Halafu mpelekee kisado cha dagaa, umuombe akuvumilie mpaka saa kumi na mbili kasoro.