Ukienda kuwa opea Ujerumani, usiseme "nimeshiba" na njaa inakuuma

Jioni yangu ya kwanza Leipzig, nilikokwenda kuwa opea, yaani kuishi kwa familia ya Kizungu na kuwatunzia watoto, mama wa nyumba aliniuliza kama nataka mkate mwingine. Nikajibu, "Asante, nimeshiba." Nilikuwa na njaa tangu Kinshasa. Kwetu Bukavu mgeni hukataa mara ya kwanza, na mwenye nyumba humsogezea sahani: kula, ongeza, ama chakula hakikupendezi? Nikangoja asogeze. Yeye akatabasamu, akafunika jibini, akairudisha kwenye friji. Nililala na njaa, nikalia, nikidhani nimefikia kwa watu wachoyo.

Hawakuwa wachoyo. Waliniamini tu nilichosema. Wasichana wa Kadutu, Panzi na Bagira, mitaa ya kwetu Bukavu, wanaotaka kwenda kuwa opea wananiuliza kwanza habari ya baridi. Baridi dawa yake ni koti. Mimi kilichonitesa ni ile adabu tuliyolelewa nayo, ya kunyamaza mbele ya wakubwa.

Masharti ya Ujerumani yako wazi. Opea hafanyi zaidi ya saa 30 kwa wiki wala zaidi ya saa 6 kwa siku, na kubaki na watoto jioni wazazi wakitoka nako kunahesabiwa. Anapumzika siku moja na nusu kila wiki, na ana wiki nne za likizo kwa mwaka. Familia inampa chumba chake, chakula, bima na euro 280 za mfukoni kila mwezi, na inachangia euro 70 kwa mwezi za kozi ya Kijerumani. Mkataba wangu niliusoma mpaka nikaukariri. Lakini ukiwa jikoni, mkataba haukusemei.

Ilianza na kukunja nguo za watoto. Ikafuata pasi ya nguo za wazazi, kisha asubuhi za Jumamosi. "Umechoka?" "Hapana, mama." Mwezi wa Novemba nikaanza kuandika saa zangu katika daftari, na wiki ile zikafika 43. Nilikaa na hesabu hiyo siku kumi na nne, moyo ukichemka, huku mdomo ukisema "sawa" kwa kila kitu. Wao waliona nimenuna, wakadhani nakumbuka nyumbani.

Jumapili moja nikaliweka daftari mezani, mikono inatetemeka. Mama wa nyumba alisoma, uso ukamwiva. "Lakini kila mara nilikuuliza," akasema. Na kweli, alikuwa ananiuliza. Kesho yake ratiba ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji, saa zangu zimeandikwa kwa kalamu ya kijani, na haikuvukwa tena mpaka nilipoondoka.

Si kila familia itapokea hivyo, najua. Ukisema na wasibadilike, unaweza kuhamia familia nyingine, ila mwaka wako unaendelea kuhesabiwa pale ulipofika, hauanzi upya. Na pasipoti yako ikae chumbani kwako. Usimpe mtu akuwekee, hata awe mwema namna gani.

Jambo dogo ambalo halikuwa dogo kwangu: majina. Kwetu mtu mzima ni Mama Fulani, Papa Fulani. Yule mama alitaka nimwite kwa jina lake tupu, na ulimi wangu ulikataa. Ili nisimwite, nilikuwa namfuata chumba hadi chumba mpaka nimfikie, na mara nyingi alishtuka kunikuta nyuma yake. Mwite anavyotaka. Hutakuwa umemvunjia heshima.

Lugha nilifundishwa zaidi na mtoto wa miaka minne kuliko kozi, kwa vitabu vyake vya picha kabla ya kulala. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunachanganyikiwa: kwa Kifaransa jua ni la kiume na mwezi ni wa kike, kwa Kijerumani ni kinyume. Mtoto alinisahihisha kila usiku bila kuchoka.

Desemba jiandae. Bukavu jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Kule linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni limeshazama. Mimi nilianza kulala mchana, nikaacha kupokea simu, hata kwaya niliyoipenda sikutaka kuisikia. Toka nje mchana kukiwa na mwanga, hata dakika ishirini. Beba pia sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu: nyama na maziwa hawaruhusu kuingiza, samaki wakavu wanaruhusu. Unga wa muhogo utaupata kwenye maduka ya Waafrika.

Halafu pesa. Kwa watu wa nyumbani, aliye Ulaya ana pesa, basi. Mwezi wa pili tu nilishaombwa karo ya shule ya watu watatu, kodi ya nyumba na mchango wa msiba, na sikuwa na ujasiri wa kusema napata kiasi gani. Nilituma mpaka nikakosa nauli ya tramu ya kwenda kozi. Baada ya lile daftari la mezani, nikampigia mama yangu, nikamtajia: euro 280, na huu si mshahara, mama, ni pesa ya mfukoni. Akanyamaza kidogo. Nikajua sasa atalalamika.

"Na koti," akaniuliza, "umeshanunua?"