Jaji aliyeng'olewa kwa kura

Safu iliyopita iligusia majimbo ya Marekani ambako majaji hupigiwa kura. Maswali yakamiminika, mengi yakimhusu Aaron Persky wa California.

Kweli wananchi wanaweza kumtoa jaji?

Wanaweza, na walimtoa. Persky alikuwa katika mahakama ya kaunti ya Santa Clara, kesi zinakoanzia. Tarehe 5 Juni 2018, takriban asilimia 60 ya wapiga kura walisema aondoke. California haikuwa imeona jambo hilo tangu 1932.

Alikula rushwa?

Hapana, ndugu yangu, na hapo ndipo penye utata. Mwaka 2016 alimfunga miezi 6 katika jela ya kaunti mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyepatikana na hatia ya kumdhalilisha kingono mwanamke aliyepoteza fahamu. Mwendesha mashtaka aliomba miaka 6. Kijana akatoka baada ya miezi 3. Tume ya nidhamu ya majaji ilichunguza, na Desemba ikamsafisha: adhabu haikuvuka sheria, na maofisa wa uangalizi, wanaomshauri jaji kuhusu adhabu, ndio waliopendekeza kifungo kifupi. Watu hawakuridhika, nami nawaelewa. Michele Dauber, profesa wa sheria Stanford, aliongoza kampeni iliyokusanya saini zaidi ya 90,000. Bunge la jimbo nalo lilikwishabadili sheria mwaka uleule wa 2016, mkosaji wa aina hiyo asikwepe gereza la jimbo kwa kifungo kifupi cha jela ya kaunti.

Kwani aliupataje ujaji?

Aligombea 2002, akaangushwa. Mwaka 2003 Gavana Gray Davis akamteua. Wengi huingia kwa mlango huo: kiti kikiwa wazi gavana hukijaza, kisha kura huja kila miaka 6, bila vyama. Jaji asipopata mpinzani, jina lake halionekani hata kwenye karatasi ya kura. Kichekesho ni kwamba Juni 2016, siku chache tu baada ya hukumu ile, Persky alipita bila kupingwa. Muda wa kuchukua fomu ulikwisha kabla hasira haijawaka.

Nasi Tanzania tuwapigie kura majaji, badala ya Rais kuwateua?

Mimi hapana, dada. Watafiti waliochambua hukumu za Pennsylvania, jimbo jingine la Marekani, walionyesha mwaka 2004 kwamba vifungo vilirefuka kadiri uchaguzi wa jaji ulivyokaribia. Atakayelipia miezi hiyo ya ziada ni mshtakiwa aliyepangiwa tarehe mbaya, na mara nyingi hana wakili wa maana. Jeff Rosen, mkuu wa mashtaka wa Santa Clara, aliipinga adhabu ya miezi 6, lakini akapinga pia kumng'oa jaji. Namuunga mkono kwa yote mawili.

Yuko wapi sasa?

Kiti chake alichukua Cindy Hendrickson, mwendesha mashtaka. Mwaka 2019 Persky aliajiriwa kufundisha tenisi wasichana wa sekondari moja. Habari zilipoenea, mamlaka inayosimamia shule za eneo hilo ikamwachisha.