Kipande kilichovunjika ndicho shahidi wako

Usukani ulilegea ghafla mikononi mwangu. Niliuzungusha ukazunguka bure, na gari likaingia mtaroni. Mimi nilivunjika mkono. Dada yangu, aliyekaa kando yangu, alivunjika nyonga.

Wiki mbili baadaye fundi alinipigia simu: tairodi, yaani chuma kinachounganisha mfumo wa usukani na gurudumu, ilikatika, ameshafunga mpya. Nikamshukuru! Ile iliyokatika ilikwishabebwa na wanunuzi wa chuma chakavu. Nilipofika kwa wakili, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kipande kiko wapi?"

Tairodi ile ilikuwa na miezi minne tu tangu ifungwe. Je, chuma chenyewe kilitoka kiwandani kikiwa kibovu? Au aliyeifunga alikosea? Au mimi ndiye niliyepuuza mlio wa usukani? Kila jibu lina mtu wake wa kulipa fidia, na jibu lilikuwa pale pale penye mkatiko. Sehemu iliyofifia na kushika kutu huashiria ufa wa siku nyingi. Inayong'aa ni ile iliyokatika siku ya ajali.

Usidhani kwamba huna la kumdai mtengenezaji kwa kuwa hukununua kwake moja kwa moja. Mwaka 1916, katika kesi ya MacPherson dhidi ya Buick, kampuni ya kutengeneza magari, mahakama ya rufaa ya New York iliamua kampuni iwajibike kwa gurudumu la mbao lililosambaratika, ingawa gari lilinunuliwa kwa muuzaji wa kati, na gurudumu lenyewe lilitengenezwa na kiwanda kingine. Kosa la kampuni lilikuwa kutokulikagua. Siku hizi nchi nyingi humbana mtengenezaji hata bila mdai kuthibitisha uzembe, ila ubovu wa kifaa lazima uuthibitishe.

Kwa hiyo andikia gereji na kampuni ya bima mapema: gari lisiguswe mpaka mkaguzi wako alione. Piga picha. Kipande usikisafishe, wala usijaribu kuunganisha pande zake mbili, maana utafuta alama. Hati ya kumaliza madai usiitie saini ukiwa bado kitandani. Angalia pia kwa namba ya chasi kama mtengenezaji aliwahi kuyaita magari ya aina hiyo yarudishwe. Ukipuuza mwito huo, sehemu ya lawama inaweza kukurudia.

Dada yangu bado anatembea kwa mkongojo. Risiti ya ile tairodi ninayo, na inathibitisha tu kwamba niliinunua.