Nilikuwa nasema "nitaliombea" na wala siombi

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Leo naongea na nyie mnaosali kweli kabisa, rozari hamkosi, misa hamkosi, ila mkiitwa kufanya kazi ya Mungu mnakwepa, mana huko nimekaa miaka 3 na nakujua vizuri.

Mimi nipo hapa Bagamoyo, nauza samaki wa kukaanga. Alfajiri niko pwani nasubiri mashua, mchana niko kwenye karai, jioni watoto, na Jumamosi asubuhi jumuiya. Sasa mwenyekiti wetu wa jumuiya akaniomba niingie kwenye kundi la wanaokwenda kuwahudumia wagonjwa majumbani. Nikamwambia, "Nitaliombea mama." Ikapita kama miezi 6 akaniuliza tena, nikamjibu vilevile. Na mara ya tatu vilevile. Na ukweli mbele za Mungu ni kwamba sikuliombea hata siku moja! Nilikuwa nafunga novena kwa ajili ya biashara, nikaombea mtihani wa mwanangu wa darasa la 7, nikaombea mguu wa dada yangu, ila hilo la wagonjwa nalipita kama silioni, kwa sababu moyoni nilishajua nikiuliza nitajibiwa nini.

Ndo mana nasema, hili neno "nitaliombea" tumeligeuza kuwa hapana ya kistaarabu. Nani atakulaumu ukisema unaombea? Hakuna. Kwahiyo tunajificha kwenye sala, na sala ndo mahali ambapo hatukutakiwa kujificha.

Kwaresima moja tukawa na mafungo pale Misheni. Saa 6 mchana tukasimama kusali Malaika wa Bwana, sala ambayo naijua tangu nina miaka 7, naisali hata nikiwa nageuza samaki. Tukafika pale pa "Ndimi mtumishi wa Bwana, nitendewe ulivyonena" na mimi nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema yale maneno, sijui nielezeje, kama nimeshikwa mkono. Mana hilo ni jibu la Mama Maria, ndiyo yake, na mimi naitamka mara 3 kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, halafu mwenyekiti akiniomba nikamshike mgonjwa nasema nitaliombea. Nitendewe nini sasa?

Baada ya hapo nikaenda peke yangu kwenye yale makaburi ya wamisionari. Wengi tunapita tu tukienda kupiga picha, lakini simama usome miaka. Hawa Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, na kazi waliyoikuta hapa haikuwa ya mimbari, ilikuwa ni kuwapokea watu waliokombolewa utumwani, wengine watoto wadogo, kuwalisha, kuwatibu, kuwafundisha kulima na kusoma. Na wengi wao malaria na homa ziliwamaliza wakiwa bado vijana. Nilikaa pale muda mrefu nikilia, sioni aibu kusema. Bagamoyo tunaiita mlango wa imani, na huo mlango ulifunguliwa na watu waliokubali kufunga vidonda.

Jioni ile nikampigia mwenyekiti nikamwambia nipo tayari.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja aliyepigwa na kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi. Tunabisha hodi, anayetukaribisha ni jirani yake, mama wa Kiislamu, kajifunga kanga kiunoni, mikono imelowa. Kumbe yeye ndo anamwogesha yule bibi kila siku miezi yote hiyo. Akatuangalia akasema, "Nyie ndo wenzake wa kanisani? Karibuni, alikuwa anawaulizia." Basi. Hakutusema hata neno moja, na mimi hilo neno "alikuwa anawaulizia" linanichoma mpaka leo, mana ile miezi yote mimi nilikuwa "naliombea".

Yule mama ndo alinifundisha kazi. Maji yawe ya uvuguvugu, unajaribu kwa kiwiko. Mgonjwa wa kulala unamgeuza kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya mgongoni na kwenye nyonga, na ukiona ngozi imekuwa nyekundu usiisugue, unaikausha taratibu kwa kanga laini na humlazi tena upande huo. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka. Bibi akanishika kidole na ule mkono wake mzima, akawa ameng'ang'ania hivyohivyo mpaka tukamaliza.

Sasa wewe unayesoma, ushauri wangu ni huu. Ukiombwa jambo la Mungu na ukasema utaliombea, basi liombee kweli na mpe aliyekuomba siku ya jibu, mwambie "Jumapili ijayo nakujibu", halafu wiki nzima hiyo likalie mbele za Mungu, hata dakika 10 kabla hujashika simu. Usiombe ishara kubwa kubwa. Samweli mwenyewe aliitwa akadhani ni mzee Eli anamwita, akaamka akamkimbilia, kwa sababu sauti ya Mungu ilifanana na sauti ya mtu anayemjua. Yako nayo inaweza kuja na sauti ya mwenyekiti wa jumuiya, au ya katekista, au meseji tu kwenye grupu.

Na kama unaogopa kwamba hujui kuongea, hata Musa alitoa sababu hiyohiyo, na Mungu akampa Haruni wa kwenda naye. Kwahiyo omba mwenzako. Mimi peke yangu nisingeweza ile nyumba ya kwanza, nakwambia ukweli. Pia si kila unachoombwa ni wito, kama jambo linakufanya utelekeze watoto wako ongea na padre wako kwanza, msaidiane kupima.

Kuhusu muda, nilidhani biashara itakufa. Alhamisi nafunga karai saa 9 badala ya saa 12, basi, wateja wameshazoea.

Sa hivi tunakwenda kwa bibi tukiwa wawili, na yule jirani anatuachia zamu ya Alhamisi apumzike. Saa 12 jioni naanza Malaika wa Bwana pale kitandani. Ulimi wa bibi mzito, maneno mengi hayatoki, ila nikifika pale pa "Ndimi mtumishi wa Bwana" nanyamaza kidogo namsubiri, na analimalizia mwenyewe, polepole.