Kabla hujaishusha injini ya petroli: maneno machache kwa vijana wanaoanza gereji

Mwezi huu tumepokea vijana wawili gerejini kwetu Ngamiani, Tanga, mmoja katoka chuo cha ufundi cha VETA, mwingine alikuwa akishika spana za pikipiki. Siku ya tatu tu wakaniuliza swali ambalo nami nilimuuliza fundi wangu zamani: injini ya dizeli inaingiaje kwenye pikapu ya petroli? Nimewajibu kwa mdomo, kidogo kidogo, kila tulipokaa kunywa kahawa. Hapa nimeyakusanya kwa ajili yao na kwa mdogo wangu yeyote anayeianza kazi hii. Nimeifanya mara nyingi na naipenda sana, na mara moja ilinitia hofu ambayo sijaisahau.

Kuingiza injini ni kazi ya siku moja. Chenibloku, kenchi imara na watu watatu, jioni injini imekaa. Kinachokula wiki mbili ni vile vinavyoizunguka: breki, maji, mafuta, waya, propela. Gari linaporudishwa gerejini kwa lawama, mara nyingi injini yenyewe ni nzima, aliyekosea ni fundi aliyeiunganisha.

Anza na namba ya chesisi. Hilux za zamani zinajieleza zenyewe. N ndiyo Hilux, na herufi iliyo mbele yake ni ukoo wa injini. RN imetoka kiwandani na injini ya R, kama 22R ya petroli. YN imetoka na Y, kama 4Y. LN imetoka na L, yaani dizeli: 2L, 3L, 5L. Kwa hiyo mteja akikuletea RN85, ujue kiwanda chenyewe kilitengeneza na LN85, bodi ya namna ileile ikiwa na dizeli. Mabano ya mauntini (mipira inayoishikilia injini kwenye chesisi), rejeta, propela, vyote vilishatengenezwa na vinatafutika. Ukiacha ukoo huo ukaleta injini ya gari jingine kabisa, kila kitu utakibuni wewe kwa kulehemu, na kwa anayeanza sikushauri.

Kwa kazi yako ya kwanza chagua 3L. Ina cc 2779, haina turbo, haina kontroli boksi ya umeme, na pampu yake ya mafuta ni ya kimekaniki. 1KZ-TE ina nguvu zaidi, lakini hiyo E mwishoni maana yake umeme ndio unaoamuru mafuta, na waya zake zitakumalizia subira. Iache mpaka uwe umezoea.

Na kabla ya yote muulize mteja kwa nini anataka dizeli. Kuna mzee wa Muheza anabeba machungwa kila msimu kutoka mashambani, barabara mbovu, mzigo mzito, mwendo wa polepole. Huyo dizeli inamfaa. Mwingine anazunguka na gari tupu Chumbageni na Raskazone, na 22R yake inahitaji ringi na sili tu. Huyo mwambie ukweli, mtengenezee alichonacho. Utakosa kazi kubwa leo, lakini atakuletea ndugu zake.

Ukienda kununua injini, fika asubuhi na uwe umewaambia wasiiwashe. Weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa na joto, walishaipasha kabla hujafika, kwa sababu dizeli iliyochoka huonekana inapowashwa ikiwa baridi. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili, kigeuze ukiweke juu ya tundu bila kukaza. Kikitetemeka kidogo si kitu. Kikirushwa na moshi ukapanda kwa nguvu, hewa inavuja kwenye ringi. Moshi wa bluu usioisha, oili inaungua. Oili yenye rangi ya maziwa, maji yamo ndani, ondoka. Kama muuzaji anakubali, pima na kompreshani silinda zote nne, lakini tumia geji ya dizeli. Geji ya petroli haitafaa, kwani petroli hizi hubana hewa kama mara 9 na L hubana zaidi ya mara 20. Mimi nikikuta silinda moja iko mbali na wenzake siinunui, hata kama bei ni nzuri.

Nunua injini pamoja na kila kilichoshikana nayo. Gia boksi yake ije, maana kengele (mdomo mpana unaofungwa kwenye injini) ya gia boksi ya petroli haikai kwenye bloku ya L. Flaiwili na klachi zije. Stata ije, kwa kuwa ya dizeli ni kubwa. Rejeta na feni, filta ya dizeli yenye pampu ya mkono, hita plagi zinazopasha silinda kabla ya kuwasha, na rilei yake, yaani swichi inayobeba umeme wake mkubwa. Waya usiruhusu zikatwe fupi karibu na injini: fuata waya mpaka kwenye soketi, uchomoe hapo. Na alteneta. Hiyo naomba uniruhusu nikae nayo kidogo.

Pikapu ya pili niliyoifanya, injini ilikuja bila alteneta. Nikafunga ile ya petroli tuliyoishusha. Mkanda ukakaa, chaji ikaja, nikaridhika. Uani pedali ya breki ilikuwa ngumu, nikajiambia ni kwa sababu tumebadilisha padi. Tukatoka kwenda kuijaribu njia ya Pongwe. Mbele yetu lori lililobeba mkonge likapunguza mwendo, nikakanyaga breki, na pedali ikawa kama nimekanyaga jiwe. Nilishusha gia, nikasimama na miguu yote miwili juu ya pedali, nikavuta na hendibreki. Tulisimama bampa ikiwa karibu kugusa nyuzi za mkonge zinazoning'inia. Kijana aliyekaa pembeni yangu hakusema neno mpaka tuliporudi.

Sababu ni hii. Injini ya petroli ina kipepeo kwenye njia ya hewa. Ukiachia mguu kipepeo kinafunga, injini inavuta hewa isiyopatikana, na mvuto huo ndio unaofanya kazi kwenye busta ya breki, ile inayousaidia mguu wako kusukuma pedali. Dizeli haibanwi hewa namna hiyo, kwa hiyo mvuto huo haupo. Kwenye L kiwanda kilitatua kwa kuweka pampu ndogo ya kuvuta hewa mgongoni mwa alteneta. Ukiitazama utaona mpira mnene unaokwenda kwenye busta, mpira mwembamba unaoleta oili ya injini kuilainisha pampu, na mwingine unaoirudisha oili. Huo mwembamba ukiusahau, pampu inakauka na kufa.

Tangu siku ile gari halitoki langoni kwangu bila jaribio hili, linachukua nusu dakika. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Ishikilie kwa mguu, uwashe injini. Pedali lazima izame kidogo chini ya mguu wako, uisikie ikishuka. Isiposhuka, usitoe gari.

Kinachofuata kwa umuhimu ni maji. Injini za ukoo wa L zina sifa nyingi, lakini zikichemshwa hedi yake hupasuka, na 2L yenye turbo ndiyo mbaya zaidi kwa hilo. Rejeta ya petroli mara nyingi ni nyembamba. Hapa Tanga mjini, tambarare na upepo wa bahari, itakudanganya mwaka mzima. Mteja mmoja alinibembeleza tubakize rejeta yake ya zamani ili apunguze gharama, nikakubali. Akapakia saruji akapanda Mombo kwenda Lushoto. Ule mlima hauna huruma: kona juu ya kona, gia ya pili, gari linakwenda polepole na hewa ya kupoza ni ile ya feni peke yake. Kabla ya Soni akaona mshale umepanda, akajisemea afike kwanza. Nilipofungua hedi, ufa ulikuwa umepita kati ya matundu ya valvu mbili, mwembamba kama unywele. Gharama ya hedi ilizidi ya rejeta mara kadhaa, na mimi ndiye niliyekuwa fundi, nilipaswa kukataa.

Weka rejeta ya dizeli, na ule mkebe unaoizunguka feni usiuache, bila huo feni inavuta hewa ya pembeni tu. Sensa ya joto na geji ya dashibodi ziwe za ukoo mmoja, ama sivyo mshale utakuambia kila kitu ni salama huku maji yanachemka. Na maji ya visima vya huku pwani mengi yana chumvi, usiyatie kwenye rejeta. Tia kulanti.

Kwenye mafuta, shusha tangi lote. Kulimimina tu hakutoshi, kwa sababu dizeli ndiyo inayoilainisha pampu ya injekta, na petroli iliyobaki chini inaukata ulaini huo. Lioshe, lianike, litazame ndani kwa tochi kama lina kutu. Hakikisha una njia mbili, ya kupeleka na ya kurudisha, maana pampu inarudisha mafuta mengi tangini. Weka filta yenye kikombe cha kutenga maji. Ukishafunga, toa upepo: bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha legeza nati za mabomba kwenye nozo zinazopuliza mafuta kwenye silinda, mwenzako apige stata mpaka povu liishe. Usiweke kidole kuziba panapovuja. Mafuta yanayotoka hapo yana presha ya kupenya ngozi, na kidonda chake ni cha kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Umeme wa 3L ni mchache, ndiyo maana naipenda. Waya mmoja unaokwenda kwenye solenoidi ya pampu, kivalvu kinachofunguliwa na umeme, ndio unaoruhusu mafuta. Weka vidole juu ya solenoidi, mwambie mwenzako afungue swichi: utasikia na kuhisi mdundo mdogo, ta. Hapo mafuta yamefunguka. Usiposikia, piga stata mpaka kesho haitawaka. Hita plagi zipite kwenye rilei yake, usizifunge moja kwa moja kwenye swichi. Betri iwe N70. Mshale wa mizunguko wa dashibodi ya petroli utakufa, kwani ulikuwa unasoma koili, na dizeli haina koili.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, shikeni ubao bapa karibu na mdomo wa hewa. Dizeli ikishikwa na wazimu wa kupandisha mizunguko yenyewe bila kukanyagwa, huenda kuzima swichi kusisaidie. Ziba hewa kwa ubao, kamwe usitumie mkono.

Injini ikiwa bado inaning'inia, badilisha mkanda wa taimingi hata kama unaonekana mzima. Kwenye L mkanda huu ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Badilisha pia sili ya nyuma ya krenki, kuifikia baadaye ni kushusha gia boksi upya. Chesisi nayo ikague kwa nyundo, hasa gari lililoishi karibu na bahari. Gonga taratibu kwenye viti vya mauntini. Sauti ikiwa ya mkebe badala ya chuma, kutu imekula kwa ndani, na dizeli ni nzito kuliko petroli. Kwa uzito huohuo pua ya gari itashuka, kaza kidogo zile toshen baa za mbele, vyuma vinavyofanya kazi ya springi, kisha ulipeleke alaimenti, kunyooshwa magurudumu.

Namba ya injini ipige picha kabla haijaingia, maana ikishakaa unaitafuta kwa kioo na tochi. Mwambie muuzaji aandike hati ya mauziano yenye namba hiyo. Kadi ya gari bado inasema injini ya zamani, kwa hiyo mteja aende TRA kubadilisha taarifa. Usimwachie akisema atakwenda mwezi ujao. Mimi namkabidhi picha na hati ndani ya bahasha moja pamoja na ufunguo.

Halafu gari liende Muheza na kurudi, wewe ukiwa ndani. Likirudi liache lipoe usiku kucha. Asubuhi kaza upya mauntini, klipu za mipira ya maji na nati za ekzosi, tandika boksi la karatasi chini ya injini, na uliache saa moja uone kimedondoka nini.